Uzito wa Nyuma

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuingia kwenye mashindano ya pikipiki za mwendo mkali, huniuliza kwanza nilijifunzia wapi kuendesha. Sijui kuendesha. Hata baiskeli huniangusha. Kazi yangu siku ile ilikuwa kukaa nyuma na kuwa mzito, na kwa kazi hiyo Mungu alikuwa ameshanijalia kila nilichohitaji.

Nieleze kwanza kwa nini kukaa nyuma ya pikipiki lilikuwa jambo la kufichwa. Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, kila mtu anapanda boda. Vikongwe wanapanda, mbuzi wanapanda, vitanda na milango inapanda. Mimi na mama yangu hatukupanda, kwa sababu tulikuwa kwenye prosesi.

Kama hujui prosesi, shukuru. Ni ile njia ya kuchaguliwa ukaishi nchi ya mbali, ng'ambo. Unaitwa, unaulizwa uliikimbiaje Kongo, kisha anakuja mtu mwingine kukuuliza yale yale huku akitazama kama utakosea. Unapimwa damu, unapigwa picha ya kifua, halafu unaambiwa usubiri ndege. Sisi tulikuwa tumeshafika kwenye kusubiri ndege, na hapo tukakaa miaka. Vipimo vya afya navyo vina muda wake kama maziwa. Vyetu viliharibika, tukapimwa upya, vikaharibika tena. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yetu yalishakuwa sugu.

Sheria kubwa ya prosesi haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua: usibadilike. Ukiolewa, faili linarudi nyuma ili mume aingizwe, naye aanze maswali yake tangu mwanzo. Ukizaa, hivyo hivyo. Ukigombana kisimani ukaishia polisi, ndiyo basi. Ukivunjika mfupa, daktari anaandika kwamba usubiri upone, na ukipona vipimo vingine vimeshaharibika. Jirani yetu aliyekuwa kwenye prosesi alijifungua mapacha, na wanawake wa mtaa walikwenda kumpa pole. Nilikwenda nao. Tulikaa tumeshika tama mbele ya watoto wawili wazuri kabisa, wanene, wenye nywele nyingi.

Kambi yenyewe haina ukuta. Wageni wakifika hutafuta uzio na hawauoni. Uzio wangu ulikuwa mwilini mwangu: mkono huu usivunjike, tumbo hili lisibebe mimba, mdomo huu usitukane mtu. Nilikuwa nimevuka miaka ishirini na mitano na nilitembea njiani kama niliyebeba chungu cha mtu mwingine. Nilibanwa, na nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe nilikatazwa.

Sasa ndiyo uniambie nilipaswa kufanya nini na fundi.

Alikuwa Mrundi. Asubuhi alibeba abiria kwa pikipiki, mchana alitengeneza za wenzake kwenye kibanda kando ya njia ya sokoni. Mimi niliuza ndagala mbele ya kibanda hicho. Mwanzoni tuligombana, kwa sababu moshi wake ulikuja kwenye samaki wangu na harufu ya samaki wangu ikaenda kwa wateja wake. Ugomvi uliendelea mpaka ukawa mazungumzo, na mazungumzo yakaendelea mpaka nikagundua kwamba siku ambazo hayupo nafunga biashara mapema. Alinipenda, nikampenda. Tusingeweza kuoana bila kurudisha faili la mama yangu mwanzo wa foleni, na hatukuwahi kulisema hilo kwa sauti. Alikuwa akinitengea kigoda chenye miguu yote minne, mwenyewe akakalia tairi.

Mama alimjua. Kwa hesabu yake alikuwa na makosa matatu: Mrundi, Mkatoliki, na mtu wa makelele. Hilo la tatu ndilo lilimkera zaidi, maana kibanda kilikuwa karibu na kanisa letu na kwaya ilishindwa kusikia sauti ya pili.

Makelele yalitoka kwenye pikipiki moja tu. Ilikuwa kubwa, ya zamani, yenye injini ya pistoni moja nene. Zamani ilikuwa ya shirika fulani, ikatupwa, ikauzwa kama chuma. Fundi aliinunua vipande vipande. Jioni, wateja wakiisha, alinionyesha kwenye simu yake video za watu wa mbali wakikimbiza pikipiki kwenye uwanda mweupe usio na mti wala nyumba. Nilidhani ni theluji.

"Ni chumvi," alisema. "Chumvi tupu, hadi macho yanachoka. Unafungua gesi, unazungusha mkono mpaka mwisho, na hakuna kitu cha kukwambia funga."

Nakumbuka alivyolisema hilo. Hakulisema kwa kujisifu. Alilisema kama mtu anayetaja chakula akiwa na njaa.

Chumvi hatuna, lakini tuna ziwa. Kiangazi kikikaza, maji ya Ziwa Nakivale hurudi nyuma na kuacha uwanda wa kijivu, mgumu, wenye ukoko mweupe mchungu ambao ng'ombe huulamba. Hapo ndipo vijana wa mji wa Mbarara walipokuwa wakija Jumapili na pikipiki zao kubwa, kwa sababu kwenye lami polisi waliwachosha. Kiongozi wao alikuwa kijana wa Kamukuzi, mtaa wa wakubwa, mwenye pikipiki nyekundu, mwana wa watu, mcheshi, mwenye buti ambazo hazijawahi kuona tope. Walikimbia mmoja mmoja kutoka kwenye kichuguu mpaka kwenye mti uliosimikwa wenye kitambaa cheupe, simu ikiwa imefungwa juu ya tangi ikihesabu mwendo. Mwenye namba kubwa ndiye bingwa mpaka Jumapili nyingine. Hakuna zawadi ila jina, na kwa jina mwanamume yuko tayari kuiua injini aliyoilea mwenyewe.

Fundi alitaka jina hilo. Ili alipate alihitaji turbo.

Turbo ni kidude cha chuma chenye umbo la konokono. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha pangaboi upande mmoja, na pangaboi la upande wa pili linasukumia hewa ndani ya injini kwa nguvu. Injini iliyoshindiliwa hewa inakula petroli zaidi na kukimbia kuliko umri wake. Alinieleza hivyo huku akichora kwenye vumbi kwa bisibisi. Ile aliyoitaka ilikuwa Mbarara, kwenye uwanja wa vyuma chakavu, ndani ya kigari kidogo cha Kijapani kilichopondwa na lori.

Nilikwenda naye. Tuseme, tulikwenda siku moja: yeye kwa pikipiki yake ya abiria, mimi kwa teksi nikiwa nimeshika begi mapajani kama mtu na heshima zake. Wakati anabishana na muuza vyuma, nilikaa kwenye ngazi ya duka nikatazama barabara inayopanda Kamukuzi. Wanawake wa ofisini walipita na viatu vyao vya kisigino, wakizungumza kwenye simu kuhusu kesho, kuhusu Ijumaa, kuhusu Krismasi. Waliitaja Krismasi kama kitu ambacho hakika watakuwa hapa kukila. Niliwachukia, kila mmoja kwa zamu yake. Kisha fundi akatokea na konokono lake limefungwa kwenye gazeti, amejaa mafuta machafu hadi kwenye kope, anacheka, na nikasahau kuchukia.

Aliifunga turbo kwa kazi ya wiki nyingi. Chupa kuukuu ya kuzimia moto aliikata akaifanya tangi la hewa. Ilipowaka mara ya kwanza, kuku wa mtaa mzima waliingia ndani ya nyumba, na kwaya yetu ikanyamaza katikati ya ubeti.

Lakini uwanjani iligoma. Nguvu ilikuwapo, tena nyingi mno. Tairi la nyuma lilizunguka pale pale na kuchimba ukoko, pikipiki ikayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Fundi alikuwa ameona kwenye video kwamba wale wa chumvi hufunga vyuma vizito nyuma ili tairi lishike. Akajaza gunia udongo, akalifunga kwa mpira. Gunia likateleza upande mmoja katikati ya mwendo, na yeye akaponea chupuchupu, akarudi akiwa mweupe ukoko mwili mzima.

Tulikaa chini ya kivuli cha pikipiki. Alikuwa anaona haya kusema alichotaka kusema.

"Unajua tatizo?" alisema mwishowe. "Mgongo wangu umezoea mtu. Miaka yote nabeba watu. Mtu anaegemea pamoja na wewe, unasikia magoti yake, unajua uko sawa. Nikiwa peke yangu nyuma ni wazi, na mwili wangu unaogopa. Gunia haliegemei, bwana. Gunia ni gunia."

Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Ni waendesha boda tu duniani wanaoweza kutengeneza pikipiki ya mashindano kisha wakagundua kwamba hawawezi kuiendesha bila abiria. Aliwaomba wenzake wa kijiweni mmoja mmoja. Wote walikuwa na akili timamu, walikataa.

"Nitakaa miye," nikamwambia.

"Oya," alisema kwa Kirundi. Hapana. Hata hakuinua macho.

"Nina kilo kushinda gunia yako. Na sitelezake."

"Wewe uko kwenye prosesi. Wiki ijayo una daktari."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumeitwa tena kupimwa, mara ya tatu, na safari hii watu walisema ndege ipo kweli, wameiona kwa macho yao orodha ya wanaoondoka. Lakini kuambiwa nina prosesi na mama, na mchungaji, na majirani, ni jambo moja. Kuambiwa na yeye kulinichoma. Nilimwambia kwamba kama ananiona chombo cha udongo kama wanavyoniona wengine, basi aniambie, nihamishie samaki wangu mbele ya kibanda cha fundi cherehani. Tulinuniana siku mbili. Siku ya tatu alikuja na koti nene la mtumba, kubwa kama hema, akaliweka juu ya ndagala zangu. Nikajua amekubali.

Mama ana pua. Jioni ya Jumamosi fundi alipokuja kutusalimia, kama alivyofanya mara chache kwa adabu nyingi, mama alimkaribisha kiti, akamwangalia viganja.

"Kijana, haraka haraka haina baraka."

Yeye akainamisha kichwa. Mimi ndiye niliyejibu. "Na polepole yetu, mama, imetupatia baraka gani?"

Mama hakunigombeza. Aligeuka kwangu kidogo, akamgeukia tena fundi, akasema polepole, "Miye sina na neno juu yako. Unafanya kazi, unaheshimu batu. Lakini huyu mutoto njo ndege yangu. Akivunjika hata kidole, sisi bote batatuacha hapa. Miye nilizika bwana yangu na batoto babili kule Kongo. Hapa sitaki kuzikwa."

"Nimesikia, mama," alisema fundi. Alikunywa chai yake yote, akashukuru, akaondoka.

Sikulala vizuri, lakini asubuhi nilimwambia mama nakwenda Rugaaga kutazama maharage ya kununua. Fundi alitoka misa ya kwanza akiwa na shati lake jeupe la Jumapili. Tulipofika ziwani, vijana wa Mbarara walikuwa wamejipanga mstari mmoja kukata uwanda, wakitembea polepole na kutazama chini. Hiyo ndiyo kazi inayotangulia. Viboko hutoka majini kula majani, na nyayo zao kwenye tope huwa mashimo, na tope likikauka shimo linabaki gumu kama sufuria. Kila mtu hujaza mashimo ya upande wake kwa udongo, akayakanyaga. Nami niliingia kwenye mstari nikakanyaga. Nilikanyaga kwa bidii, maana niliona picha ya kidole changu mwenyewe katika kila shimo.

Mchunga ng'ombe mmoja alitupigia kelele kwa Kinyankore, akaondoa ng'ombe wake wa pembe ndefu njiani. Wa pikipiki nyekundu aliniona nikivaa koti na kofia ngumu.

"Wewe fundi," aliita, "hii ni resi ama boda? Huyo nyabo nashuka steji gani?"

Nyabo kwao ni bibi. Wenzake walicheka. Nikamjibu, "Nitashuka fasi weye utashindwa."

Walicheka zaidi, yeye akiwa wa kwanza. Sikumchukia. Alikimbia vizuri pia, lazima niseme: alilala juu ya tangi, buti zimebana, akapita ule mti akiwa bado amefungua gesi, na simu yake ikaandika mia moja sitini na nane. Zamu yetu ikafika.

Fundi alinifunga kwake kwa kitenge changu, kiuno kwa kiuno, kama mama anavyofunga mtoto, ila mtoto ndiye aliyekuwa mkubwa. Aliniambia, "Egemea ninapoegemea. Usitazame chini." Kisha akawasha.

Mwanzo haukuwa mkali. Tulitoka kama boda yoyote inayotoka sokoni, na niliweza hata kuona uso wa mchunga ng'ombe. Gia ya pili. Gia ya tatu. Halafu mluzi ukaanza chini ya goti langu, mwembamba, ukapanda, na kabla haujafika juu kitu kilinisukuma kutoka mbele kwenda nyuma na kitenge kikanikaba. Tairi lilishika. Nililisikia likishika, chini ya makalio yangu, uzito wangu wote ukifanya kazi yake. Ukoko mweupe ukageuka maji yanayotiririka pande zote mbili. Upepo uliingia chini ya kofia ukanitoa machozi yakaenda masikioni.

Nilifurahi. Sijui neno jingine. Nilipiga kelele ndani ya kofia na sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa kesho, na sasa hapakuwa na kesho, palikuwa na bega lake na mluzi na ile simu juu ya tangi. Niliichungulia juu ya bega. Mia moja arobaini na tisa. Hamsini na tano. Sitini. Injini ilikuwa bado inapanda, kila mtu aliyewahi kupanda pikipiki anaijua sauti ile, sauti ya kitu ambacho hakijamaliza kusema. Kitambaa cheupe kilikuwa mbele yetu, bado mbali. Sitini na mbili. Sitini na tatu.

Akafunga gesi.

Nilijigonga kofia kwenye mgongo wake. Mluzi ulikatika, tukaanza kutambaa, na tukaupita ule mti tukiwa na mwendo wa watu wanaotafuta nyumba ya mwenyeji wao. Mbele yetu mafunjo yalisimama kimya, maji nyuma yake.

Nilianza kumpiga ngumi za mgongo kabla pikipiki haijasimama.

"Kwa nini umefunga?"

Alisema ardhi ilikuwa laini. Nilimwambia niliikanyaga mwenyewe, haikuwa laini. Alisema freni za nyuma hazimpi imani. Nilimwambia freni alizifunga mwenyewe jana. Alisema turbo ilianza kuchemka. Nilimwambia nilikuwa nimeikalia, na kama ingechemka ningekuwa wa kwanza kujua. Akafungua kitenge, akavua kofia. Jasho lilimtiririka shingoni mpaka kwenye kola ya shati la misa.

"Magoti yako," alisema. "Nilikuwa nayasikia. Na nilikuwa namsikia mama yako."

"Turudi. Tuanze tena."

"Oya."

"Turudi, nakuambia!"

Alichutama, akachomoa waya wa plagi, akautia mfukoni mwa suruali yake ya Jumapili. Ndipo nilipoelewa kwamba imekwisha. Alikuwa na pikipiki ambayo ingewashinda wote, alijua, nami nilijua, na alikuwa ameuza jina lake ili nirudi nyumbani na vidole vyangu vyote.

"Hata weye unaniona chombo ya udongo," nilimwambia.

Wa Kamukuzi alikuja kutupa mkono. "Pole, fundi. Nyabo ni mzito sana." Alikuwa ananitania kwa wema, na fundi akacheka naye, akasema ni kweli, abiria alimzidi. Aliniacha nibebe lawama hiyo mbele ya watu, na sikukataa, maana sababu ya kweli ilikuwa siri yetu. Tulirudi kwa miguu, yeye akiisukuma pikipiki, mimi nyuma hatua kumi kama mtu asiyemjua.

Wiki iliyofuata daktari alinigonga magoti, akanisikiliza mgongo, akaniambia niinue mikono yote miwili juu. Niliinua. Nilikuwa na alama moja tu, kijani kibichi kwenye nyonga, pale fundo la kitenge lilipobana. Aliuliza ni nini, nikasema ndoo ya maji. "Mzima kabisa," alisema. Mama alipiga vigelegele mlangoni mpaka mlinzi akaja kutazama nani ameolewa.

Jambo hili nililifikiria baadaye, nikipanga ndagala, na lilinikalia kifuani. Kama fundi angetaka nibaki, alikuwa na njia rahisi. Hakuhitaji kuniua. Angeacha pikipiki iteleze kidogo tu mwishoni, mkono mmoja uvunjike, na daktari angeandika kwamba nisubiri. Mkono wake ulikuwa juu ya gesi na mimi nilikuwa nimefungwa kwake. Alikuwa amechagua niondoke.

Na kwa kuwa alikuwa amechagua, alimaliza kazi. Warundi walikuwa wakiambiwa kila mara kwamba kwao kumetulia, mabasi yapo, anayetaka arudi. Alikuwa amelipuuza neno hilo muda wote niliomjua. Mwezi uliofuata alikuja mbele ya kigoda changu akasema amejiandikisha kurudi Burundi.

"Wewe unaenda. Mimi nibaki hapa nikitazama nini?"

Nilitaka kumwambia abaki. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mama alikuwa ameshaanza kugawa sufuria, na mtu anayeondoka hana haki ya kumwambia mwingine abaki. Siku ya mabasi nilikwenda na mama. Kwa sababu ya mama na ya watu, tulipeana mkono, mimi na yeye, kama watu waliowahi kuuziana kitu. "Safari njema, dada," alisema. Nikasema, "Na weye, fundi." Basi likajaa, likaondoka.

Hata miezi mitatu haikuisha. Ile nchi ya ng'ambo ilifunga mlango. Ndege za wakimbizi zimesimamishwa, haijulikani mpaka lini, msipige simu, tutawapigia. Ujumbe ulikuja kwenye simu ya mama. Alinipa nimsomee, akaniambia nisome tena, akaniambia nisome polepole. Kisha akaingia ndani akalala, mchana kweupe, mama yangu ambaye sijawahi kumwona amelala jua likiwa juu. Vipimo vyetu vimeshaharibika tena. Hakuna aliyetuita kuvirudia.

Fundi alinipigia juzi juzi nikiwa sokoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aondoke. Sauti yake ilikuwa karibu, kama yuko kibandani. Aliniuliza mvua, nikamwambia. Aliniuliza bei ya ndagala, nikamwambia. Alikuwa amesikia habari za ndege.

"Pole sana, dada."

"Siku ile," nikasema, "ungeacha gesi wazi."

Alijua ni siku gani.

"Ningekuvunja."

"Ungenivunja. Ningelala na plasta miezi mitatu, mama angenuna, na leo tungekuwa tumeoana."

Nilisikia akivuta pumzi ya kujibu. Nilingoja jibu hilo, nikiwa nimeziba sikio la pili kwa kiganja ili makelele ya soko yasilichukue. Kabla hajasema, mwanamke alimwita kwa Kirundi kutoka karibu naye, kwa sauti isiyobisha hodi, sauti ya mtu aliyeshaandaa chakula.

"Nakuja," alimjibu.

Nikamwambia aende, asimngojeshe.